Dikonvolusheni imegawa uzi mmoja kuwa miwili. Niamini?

mshika_lenzi

Wakuu, salaam. Nimekwama, na mwenzangu wa maabara ananisukuma tuandike makala kabla hatujapitwa.

Napiga picha za mikrotubuli, zile nyuzi nyembamba za protini ndani ya seli, kwa hadubini ya kawaida ya florosensi. Lenzi ni ya mafuta, mara 100, NA (kipimo cha uwezo wa lenzi kukusanya miale ya pembeni) 1.4. Rangi inatoa mwanga wa kijani, nanomita 520 hivi. Pikseli za kamera ni mikromita 6.5, kwa hiyo kwenye sampuli kila pikseli ni nanomita 65. Mikrotubuli moja ina kipenyo cha nanomita 25, ila kwenye picha ghafi nyuzi zangu zina upana wa nanomita 230, nikipima kwenye nusu ya kilele cha mwanga. Hilo halinishangazi, ni ukungu wa lenzi.

Sasa nimeongeza pikseli mara mbili, nikaipitisha picha kwenye Richardson-Lucy, hesabu ya dikonvolusheni, yaani ya kuondoa ukungu wa lenzi kwa kompyuta, mizunguko 300, kwa PSF (umbo la ukungu ambao lenzi huipa nukta moja ya mwanga) iliyokokotolewa na programu yenyewe. Uzi mmoja umegawanyika kuwa miwili sambamba, imeachana kama nanomita 110, na ni karibu urefu wote wa uzi! Nilipoirudishia ukungu kwa kompyuta, nikapata picha inayofanana kabisa na ile ghafi. Pikseli yenye mwanga mwingi kuliko zote ina fotoni (chembe za mwanga) kama 400.

Ni mikrotubuli mbili kweli, au najidanganya?

fundi_kelele

Kijana, makala isubiri kidogo.

Anza na lenzi. Mwanafizikia Ernst Abbe alishamaliza kazi hii mwaka 1873: gawa urefu wa wimbi kwa mara mbili ya NA. Kwako ni 520 kwa 2.8, nanomita 186. Mistari iliyopangwa karibu kuliko hapo haipiti kwenye lenzi hata kidogo. Na usifikiri kwamba juu kidogo ya hapo mambo ni mazuri. Mistari iliyoachana nanomita 200 inapita, lakini tofauti kati ya mweupe na mweusi imebaki asilimia 2 hivi. Wewe una fotoni 400, kelele yake ni kipeuo cha pili cha 400, yaani 20, asilimia 5. Kelele imeshaipita sauti kabla hata hujafika mpakani. Halafu unaniambia 110.

Kuhusu ile picha uliyoirudishia ukungu ikafanana na ghafi: hiyo haithibitishi kitu. Uzi mmoja mnene na nyuzi mbili nyembamba, ukishazitia ukungu, zinatoka mapacha. Richardson-Lucy kazi yake ni kutafuta jibu linaloendana na data, na ukiipa mizunguko 300 italitafuta hadi kwenye kelele.

Ila kuna kitu kimoja kilichonifanya nisilale. Kwa lenzi yako, uzi mmoja unatakiwa uonekane na upana wa nanomita 190. Nimepiga hesabu ya nyuzi mbili zilizoachana 110, kila mmoja na upana huo: inatoka 240 hivi. Karibu sawa na namba yako! Kwa hiyo programu haikutunga kutoka hewani. Imekuta uzi mnene kuliko PSF uliyoipa, ikakutafutia maelezo. Maelezo yako mawili: ama nyuzi ni mbili, ama PSF uliyoipa si ya hadubini yako.

Mimi nilishawahi kukaa wiki tatu na "utando wenye kuta mbili". Nilichapisha ile picha kubwa, nikaibandika mlangoni. Mkubwa wangu alipita, akaangalia, akauliza: ushanga mmoja, ile nukta ndogo inayong'aa ya kupimia lenzi, ukiupitisha humo unatokaje? Sikuwa nimewahi kuupitisha. Nilipoupitisha ukatoka kama kitumbua kilichotobolewa katikati. Picha nikaibandua mwenyewe.

Tafuta shanga za florosensi za nanomita 100. Ukubwa wake utaongeza chini ya nanomita 10 kwenye upana, usihangaike nao. Pima upana wa ushanga mmojammoja, kisha uuingize kwenye mizunguko yako 300 bila kubadili chochote.

dada_Fourier

Fundi, nakubali nusu. Umesema kana kwamba nje ya mpaka wa Abbe hesabu haina la kufanya. Richardson-Lucy inalazimisha mwanga usiwe hasi, na kwa kitu kilicho wazi sana, nukta chache kwenye giza tupu, sharti hilo peke yake linaweza kuvuta taarifa kidogo nje ya mpaka. Si uchawi. Tatizo ni kwamba inataka fotoni nyingi mno, na 400 si nyingi.

Nataja hili kwa sababu watu huleta mfano wa Hubble, darubini ya angani: ilirushwa 1990 kioo kikiwa kimesuguliwa vibaya, ukingo umepungua mikromita 2.2, na hadi ilipotengenezwa Desemba 1993 wataalamu walisafisha picha zake kwa njia hii hii. Ndiyo, lakini pale taarifa ilikuwa imefika, imetawanywa tu. Kwa mshika_lenzi haijafika. Hizi ni shida mbili tofauti, na programu moja haiwezi kukwambia uko kwenye ipi.

Mshika_lenzi, seli zako ziko ndani ya nini? Kama ni maji, basi hiyo NA 1.4 ni ya kwenye sanduku la lenzi tu. Maji yana kipeo cha mpindo (kiasi kinachopinda mwanga) 1.33, mafuta 1.518. Mwanga unaotoka kwenye maji hauwezi kukupa zaidi ya 1.33, ukiacha ule wa kitu kilichogusa kioo karibu kabisa. Na kila unavyozama ndani, miale ya pembeni inakosa kukutana na ya katikati.

mshika_lenzi

Asanteni sana. Nimepima shanga jana usiku. Nilizikausha juu ya kioo, nikaweka tone la maji. Upana: 198. Kwa hiyo PSF ni nzima na nyuzi zangu za 230 ni mbili? Mwenzangu ameshaanza kuandika muhtasari.

fundi_kelele

Shanga ziko juu ya kioo. Nyuzi ziko wapi?

mshika_lenzi

Mikromita 8 ndani.

Aa. Nimeelewa.

fundi_kelele

Changanya shanga kwenye agarosi (jeli ya maabara), zigande zikiwa zimetawanyika, kisha piga zile zilizo mikromita 8 kutoka kwenye kioo. Mafuta yaleyale, kichujio kilekile, muda uleule wa kamera. Usitumie ushanga mmoja, chukua kumi na zaidi, kwa kuwa kuna zile zinazoshikana mbilimbili na zitakudanganya kwa namna mpya.

mshika_lenzi

Imenichukua siku nne. Agarosi ya kwanza ilikuwa ya moto mno, ikabidi nianze upya.

Nimepata 11 nzuri kwenye kina cha mikromita 8. Upana ni kati ya 226 na 235. Nimepitisha ushanga mmoja, ulio peke yake kabisa, kwenye mizunguko 300 na PSF ya programu. Umetoka pete. Nikichora mstari katikati yake napata vilele viwili, na umbali kati yao ni nanomita 105.

Nimeirudia kazi nzima kwa PSF niliyoitengeneza kwa wastani wa shanga hizo 11, mizunguko 25. Uzi ni mmoja. Mwenzangu amefunga kompyuta akaenda zake bila kuaga.

dada_Fourier

Pole yake. Mwambie pete hiyo muiweke kwenye makala kama kielelezo cha ziada, wasomaji watawaamini zaidi kwa mengine yote.

Kitu kimoja: kabla ya kuchagua mizunguko 25, ulipiga picha mbili za eneo moja? Zisafishe kila moja peke yake. Kinachoonekana kwenye zote mbili hakijatokana na kelele. Angalizo: kipimo hiki kisingeikamata ile pete, maana PSF mbovu inakosea vilevile kila mara. Kinakamata kelele tu.

mshika_lenzi

Ninazo mbili, nitafanya hivyo. Ila kuna uzi mmoja, juu kushoto, kina kilekile, ambao kwenye picha ghafi una upana wa 270. Sio 230. Nimeupima sehemu sita.

fundi_kelele

Huo sasa ndio wa kuuliza. Ukiondoa 230 ya PSF yako, zinabaki nyuzi mbili zilizoachana kama nanomita 110, au uzi uliopinda kwenda chini ukatoka kwenye fokasi. Piga picha za tabaka juu na chini yake uliondoe hilo la pili kwanza.

Likiondoka, achana na dikonvolusheni. Tafuta mtu mwenye hadubini ya mwanga wa mistari, ile ya mtafiti Mats Gustafsson ya mwaka 2000. Inakupa karibu mara mbili ya Abbe, ila kwa maji na kina hicho itakuwa inakwaruza ukingoni, kwa hiyo nenda na lenzi ya maji. Mkiweza kuzihifadhi seli kwa kemikali na kubadili rangi, njia ya molekuli mojamoja ya 2006 (molekuli chache zinawaka kwa zamu, unapima kitovu cha kila moja) ni salama zaidi: doa ambalo mtawanyiko wake (sigma, si upana wa nusu kilele) ni nanomita 80, ukigawa kwa kipeuo cha pili cha fotoni 1000, kitovu chake unakijua kwa nanomita 2.5. Huko 110 ni umbali mkubwa.

Na shanga zako za agarosi usizitupe, zifunike zisikauke. Utazihitaji tena.