Tupeane uzoefu: umewakuta wapi Simba Wanyika, bendi ya vijana wa Tanga, wakipendwa ugenini?

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Hii mada nimekaa nayo moyoni muda mrefu. Wilson Kinyonga na ndugu yake George walianzia muziki hapahapa Tanga, 1966 wakaingia Jamhuri Jazz, 1970 wakahamia Arusha wakaunda Arusha Jazz pamoja na ndugu yao William, 1971 wakavuka Kenya na ndo tukapata Simba Wanyika. George katangulia 1992, Wilson akafuata 1995, na mpaka leo Kenya hupiti wiki hujawasikia redioni. Mimi nilikaa Nakuru kikazi, jirani yangu mzee wa Kikikuyu kila Jumapili anafungua redio mlango wazi, zilizopendwa mwanzo mwisho, siku nilipomwambia hawa ni wa kwetu Tanga alinyanyuka akanishika mkono akamwita na mkewe aje anione. Nilifurahi jamani. Haya na wewe uliwakuta wapi?

*Dada wa Chumbageni:*
Kwetu mama ndo alikua na santuri zao, zile ndogo, baba mdogo akienda Mombasa anamletea. Wimbo mmoja unakatwa mara mbili, upande wa kwanza unaanza na maneno, ukigeuza ndo magitaa yanaachiwa yenyewe. Mashine yetu ilikua inaruka, mama anabandika senti kumi juu ya mkono wa sindano inatulia mpaka mwisho. Sisi kusikiliza ruksa ila kugeuza ni yeye tu, anaishika kwenye kingo na viganja, vidole haviruhusiwi kugusa mistari. Na anatusimulia, huyu anaomba radhi, huyu kadanganywa, mpaka tukawa tunawahurumia kabisa.

*Mzee wa Pongwe:*
Marahaba wanangu. Mwanangu wa Chumbageni baba yako mdogo atakuwa alileta hizo kabla ya 1977, maana mwaka huo mpaka ulifungwa na haukufunguliwa hadi 1983. Kipindi hicho vijana wako upande wa pili na sisi huku tunawatafuta usiku kwenye Sauti ya Kenya, unazungusha kitufe taratibu mpaka inashika. Ndio maana wengi wa rika langu tunawajua kwa sauti, jukwaani hatukuwaona tena baada ya Jamhuri. Na msiwalaumu kwa kuondoka. Huku bendi inarekodi Redio Tanzania, wimbo unapigwa hewani basi imetoka hiyo, santuri haichapwi nchini. Nairobi zilikuwepo kampuni zinazorekodi, zinachapa na kuuza, sasa mtu anayetaka kuishi kwa gitaa lake angefanyaje?

*Dereva, Tanga-Mombasa:*
Kweli kabisa mzee wangu. Mimi nikishavuka Horohoro nikaingia Lungalunga naweka hao jamaa, basi zima linaimba, mama wa Kidigo na kapu lake, mwanafunzi, askari aliye likizo, wote maneno wanayo kichwani. Ila tuweke sawa kitu kimoja maana abiria wanabishana kila safari, wimbo wa Sina Makosa ni wa Les Wanyika, wale waliojitenga na Simba Wanyika 1978 akiwemo Omari Shabani, sio wa akina Kinyonga. Issa Juma naye akaja kuwa na Super Wanyika yake. Na mimi hapo ndo namvulia kofia Wilson, wapigaji wazuri wanaondoka kwa mkupuo halafu anasuka bendi upya ugenini na watu bado wanajaa ukumbini, wangapi wanaweza hilo?

*Mpiga gitaa, Raskazone:*
Tunapiga hotelini wikiendi, wageni wakitoka Mombasa au Nairobi wakiomba wimbo, kumi kwa kumi ni Wanyika. Ninavyoona mimi waliwashika Wakenya kwa sababu hawakubabaika. Nairobi ile imejaa bendi za Kikongo zinaimba Kilingala, wao wakabaki na Kiswahili chao cha pwani, kila neno unalisikia, habari za mke, mshahara, mtu na rafiki yake. Halafu mwendo. Gitaa la rithimu linarudia kilekile halichoki, la pili linalijibu, solo inapita juu inaongea, na hakuna anayemkimbiza mwenzie. Vijana ninaopiga nao vidole vyao vyepesi kuliko vyangu ila wanaharakisha, ukiharakisha tu huo sio Wanyika tena. Kuna mama wa Kisumu alitufuata mbele tulipomaliza akatuambia mmepiga vizuri wanangu ila solo ishusheni, mwacheni anayeimba asikike. Tukashusha, na hivyo ndivyo tunavyopiga mpaka leo.

*Mzee wa Pongwe:*
Huyo mama anajua muziki. Mwanangu wa Chumbageni, zile santuri bado zipo?

*Dada wa Chumbageni:*
Zipo mzee wangu, mama kazifunga kwenye kanga kabatini, karibu sana nyumbani. Mashine ndo haina sindano, anayejua fundi au duka la Ngamiani zinapopatikana aniandikie hapa tafadhali.