Siku moja Paris: nianzie wapi kwenye makumbusho ya Wayahudi?

Mshona Kofia, Kibokoni: Salaam alaykum. Nashona kofia za vito hapa Mombasa. Mwezi ujao nazuru dadangu Paris, na nataka sana kuona kazi za sindano katika Makumbusho ya Sanaa na Historia ya Uyahudi. Nusu siku itatosha? Na buibui langu halitaleta shida?

Bi Nyali: Waalaykum salaam mwanangu. Mimi niliingia na buibui. Mlangoni walipekua mkoba tu. Usiende Jumatatu, hufungwa. Nenda moja kwa moja kwenye nguo za arusi za Wayahudi wa Moroko: mahameli nzito, uzi wa zari umezungushwa duara baada ya duara. Nilisimama hapo hadi miguu ikauma. Pia tazama kile kimkono cha fedha, kidole kimenyooshwa. Ndicho humfuatishia msomaji mistari ya Torati, maana ile ngozi iliyoandikwa Torati haiguswi kwa mkono. Nilikumbuka vijiti vyetu vya chuo cha Kurani.

Mwana wa Makadara: Usikose kiwanja kidogo cha ndani. Msanii Mfaransa Christian Boltanski alibandika ukutani majina ya walioishi jengo hilo mwaka 1939, walikozaliwa na kazi zao. Baadhi walichukuliwa wakauawa katika kambi za Wanazi. Yasome polepole, hata kama Kifaransa hukijui.

Mshona Kofia, Kibokoni: Shukran sana. Basi nitakwenda Jumanne, asubuhi mpaka jioni. Nusu siku haitoshi.