Leaf ya 40 kWh: traka ya kuzima gari, kufuli la pedali au swichi ya siri, nianze na ipi?

Mtwapa_Volti
Habari za jioni wakuu. Nissan Leaf ya 40 kWh iko bandarini Kilindini, inatoka wiki ijayo. Nimetenga elfu thelathini za Kenya kwa ajili ya ulinzi na nataka kuanza na kitu kimoja. Nimepewa njia tatu: traka inayoweza kuzima gari kwa simu, kufuli la pedali ya breki, au swichi ya siri chini ya dashibodi. Kwa gari la umeme ipi ina maana? Fundi mmoja wa traka aliniambia kazi ni ndogo, anakata tu waya wa pampu ya mafuta. Nikamwambia hili halina pampu. Kimya.

Fundi_Kisauni
Kaka, umetupa swali nusu. Limekuja na rimoti ngapi? Linalala wapi usiku, ndani ya geti au nje? Breki ya maegesho ni ya kukanyaga au ya swichi? Zipo za aina zote mbili. Na bima ni ipi? Bila hayo kila mtu hapa atakuuzia anachokipenda yeye.

La rimoti lisikupite. Gari la mnada wa Japani likija na moja, ya pili iko mahali usipopajua. Mpe fundi wa funguo asajili upya, na siku hiyo uwe na rimoti zako zote mkononi, kwa sababu Nissan ikisajiliwa upya inasahau kila rimoti ambayo haikuwepo wakati wa kazi. Hapo ile ya Japani inabaki kipande cha plastiki.

BrekiKwanza
Kufuli la pedali, mjadala umefungwa. Leaf haiwi tayari kuondoka mpaka ukanyage breki huku unabonyeza kitufe. Pedali isiposhuka, ile alama ya kijani ya gari lenye mshale wa pande mbili haitokei, hata mwizi awe na rimoti halisi mkononi. Halina betri, halina laini ya simu, halihitaji fundi. Chukua la boksi la chuma linaloifunika pedali yote. Yale ya fimbo ya usukani achana nayo: ndani ya usukani kuna chuma laini na povu, msumeno wa mkono unakata duara mara moja, fimbo inachomoka.

Tahadhari moja tu. Ukilifunga likawa limeikandamiza pedali kidogo, taa za breki zinawaka usiku kucha na asubuhi betri ya volti 12 imelala. Funga, kisha zunguka nyuma uangalie taa.

Kinondoni_EV
Mkuu BrekiKwanza, kufuli lako linazuia mtu kuendesha, halizuii gari kuvutwa. Leaf inavutwa na magurudumu ya mbele. Wakinyanyua mbele kwa gari la kuvuta, ya nyuma yanabingirika kama breki ya maegesho haikuwekwa. Wengi wakishabonyeza P wanaondoka zao. P inashika ya mbele tu.

Sinza_Mori
Mimi naona mnahangaika bure. Leaf nani aibe? Ataichaji wapi?

Ngara_Kebo
@Sinza_Mori hawaichaji, wanaichambua. Taa za mbele, vioo vya pembeni, rimu, kebo ya kuchajia iliyolala kwenye buti. Betri kubwa nayo ina soko kwa watu wa sola. Pakiti ni takribani kilo 300, inafunguliwa kwa chini, kwa hiyo haitoki barabarani, lakini gari likishafika uani kwa mtu hiyo ni kazi ya siku moja. Mtu wa namna hiyo gari liwe linawaka au haliwaki kwake ni sawa, analipakia.

Fundi_Kisauni
Kuhusu traka ya kuzima, nieleze kisa cha Leaf moja kwa kirefu, maana mwenyewe ataambiwa "tumeshafunga nyingi".

Traka ilifungwa kwa mchoro wa Toyota Probox, gari la petroli. Unatafuta waya unaopata volti 12 swichi ikiwashwa, unaukata, unaweka relei katikati, yaani swichi inayofungwa na kufunguliwa kwa umeme wa koili. Kwenye Probox ukikata hapo injini inazima na unasogea pembeni. Kwenye Leaf waya huo unalisha kompyuta zinazosimamia mwendo. Relei ikiachia kidogo gari likipiga shimo, gari linapoteza nguvu barabarani, usukani unakuwa mzito kama jiwe, na dashibodi inawaka taa zote za onyo kama mti wa Krismasi.

Kosa la pili: fundi alitumia mguu wa 30 na 87, yaani relei inapitisha umeme pale tu koili inapolishwa. Na koili akailisha moja kwa moja toka betri, saa 24. Koili ya relei ya kawaida ya gari inakula kama miliampia 150. Piga hesabu: ampia-saa (Ah) 3.6 kwa siku, gari limeegeshwa tu. Betri ya volti 12 ya Leaf ni ndogo, haizungushi injini, kazi yake ni kuamsha kompyuta na kufunga kontakta, zile swichi nzito za betri kubwa. Wiki ya pili haipo. Mwenye gari alinunua betri mpya mara mbili kabla ya mtu kupima kwa ampemita.

La tatu ni letu watu wa pwani. Viungo vilisokotwa na kuzungushiwa tepu, hakuna risasi ya kulehemu wala mpira wa kubana kwa joto. Tepu ilipofunuliwa, shaba ilikuwa ya kijani mpaka ndani ya ganda.

Kinondoni_EV
Ndiyo maana unatumia 30 na 87a, mguu unaopitisha umeme koili ikiwa haijalishwa. Koili imelala muda wote, inaamka pale tu unapotuma amri ya kufunga. Hakuna kinacholiwa.

Fundi_Kisauni
Na mwizi akichomoa traka je? Koili haina umeme, 87a imefunga, gari linawaka kama kawaida. Umelipia kufuli linalofunguka lenyewe mlinzi akilala.

Kinondoni_EV
Relei ya kufunga-na-kubaki basi. Inapigwa umeme mara moja kwenda huku, mara moja kurudi, katikati haili kitu. Ukichomoa traka inabaki pale ilipoachwa. Bei yake si mbaya kuliko betri mbili.

Fundi_Kisauni
Hapo tumekutana. Ila fundi wa kuifunga mtafute kwa tochi. Na mahali pa kukata ni waya wa kitufe cha kuwashia, si ule wa IGN, yaani ule wa volti 12 unaowaka na swichi. Gari likishakuwa tayari, kukata kitufe hakulizimi njiani, kunazuia tu kuliwasha tena likishazimwa. Ubaya wake: amri ikiingia gari likiwa limewashwa, hata kulizima kwa kitufe haiwezekani mpaka uirudishe. Waya wa swichi ya breki usiguse kabisa, utaharibu taa za breki. Na mtu yeyote akisogeza kisu kwenye nyaya za rangi ya chungwa mfukuze, humo kuna volti zinazokaribia 400.

Bi_Makadara
Jamani, mmekaa kwenye relei, mwenyewe je? Maana mwizi wa barabarani hashughuliki na dashibodi, anakushughulikia wewe.

Gari likiwa limechomekwa haliondoki. Leaf ikiwa kwenye chaja ya kasi kutoka asilimia 20 hadi 80 ni kama dakika 40, na muda wote huo plagi imejifunga. Mtu akikujia dirishani huwezi kukanyaga ukaenda: ni lazima usimamishe chaja, ushuke, uchomoe. Kwa hiyo usiku msikae ndani ya gari mkitazama simu. Kaeni palipo na watu na mlinzi, milango imefungwa, rimoti mkononi. Asilimia zikitosha za kufika nyumbani, chomoa.

Na hiyo amri ya kuzima, mtu akikunyang'anya gari usiitume ukiwa umesimama hapo hapo. Mwache aende. Akikwama mita hamsini anarudi kwako.

Leicester_Mswahili
Huku Uingereza ugonjwa mkubwa ni wa rimoti. Mmoja anasimama karibu na mlango wa nyumba na antena, mwenzake yuko kwenye gari. Gari linaita rimoti kwa mawimbi yasiyofika mbali, antena inayakuza, rimoti iliyo mezani sebuleni inaitika, gari linaamini uko mlangoni. Dawa ni mfuko wa kuzuia mawimbi, wa bei ndogo. Upime: tia rimoti, simama mlangoni, bonyeza kitufe cha kitasa. Likifunguka, mfuko ni pambo. Rudia kila mwezi, kitambaa chake kinapasuka kwenye mikunjo. Kopo la biskuti linafaa mfuniko ukikaza.

Halafu kuna wanaoingia kwenye nyaya za mawasiliano za gari lenyewe. Mwaka 2023 Ken Tindell alieleza jinsi RAV4 ilivyoibiwa London kupitia nyaya za taa ya mbele. Hapo mfuko hausaidii kitu.

Sinza_Mori
Na ile programu ya Nissan ya simu? Nilisoma ilidukuliwa.

Leicester_Mswahili
Ilikuwa 2016. Ukiwa na namba ya chesisi tu, inayosomeka kwenye kioo cha mbele, ungeweza kuwasha kiyoyozi cha Leaf ya mtu mwingine na kuona safari zake. Nissan waliizima. Kufungua milango au kuendesha haikuwezekana. Kwa gari la Japani lililoko Mombasa usiitegemee hata kidogo.

Ngara_Kebo
Kebo jamani! Mpini wa plagi ya Type 1, ile ya kuchajia Leaf nyumbani, una tundu kwenye kile kidole cha kubonyeza. Kufuli dogo la sanduku, lenye chuma chembamba, linapita. Kidole hakibonyezeki, plagi haitoki. Upande wa ukutani nao uufunge, la sivyo watakata kebo katikati na kukuachia plagi yenye kufuli lako.

Mtwapa_Volti
Asanteni sana, nimerudi. Majibu: rimoti ni moja. Breki ni ya kukanyaga. Linalala nje ya ukuta wa fleti, mlinzi yuko getini, si kwa magari. Na bima kubwa wameniambia bila traka wizi haulipwi.

BrekiKwanza
Ungesema mwanzo! Bima imeshakuchagulia traka, sasa unatuuliza nini?

Kinondoni_EV
Hapana, haijamalizika. Bima wanataka traka, hawasemi izime gari. Funga traka ya kufuatilia tu, isiyogusa waya wa kitufe, halafu kufuli la boksi kwenye pedali. Kanyaga breki ya maegesho kila usiku. Traka iwe na betri yake ya ndani na iseme ikikatwa umeme. Usikubali ile ya kuchomeka kwenye soketi ya OBD, ile ya kupimia gari kwa kompyuta, hiyo mwizi anaichomoa kwanza ili achomeke mashine yake ya kusajili rimoti. Na laini ya simu iliyomo uiwekee salio, ikikaa bila kutumika inafungwa na hutajua mpaka siku unayoihitaji.

Fundi_Kisauni
Mwambie fundi akuoneshe kwa mita inakula ngapi gari likilala. Traka iliyotulia isizidi miliampia 5 hadi 10. Ikiwa 40, hiyo ni karibu Ah 1 kwa siku, ukisafiri wiki tatu unaweza kukuta gari limekufa. Siku hiyo rimoti haifungui, unatumia ule ufunguo wa chuma uliofichwa ndani yake.

BrekiKwanza
Rimoti yenyewe ni moja, ufunguo wa chuma umo humo humo. Nendeni na hiyo.

Mtwapa_Volti
Nimeifungua sasa hivi kwenye bahasha ya wakala. Ufunguo wa chuma haumo, pamebaki tundu. Kuna anayechonga Mombasa bila gari kuwepo, au ningoje litoke bandarini?