Je, magari ya Kichina bado yanastahili kudharauliwa?

Swali
Ndugu zangu, tumezoea kusema "hicho ni cha Mchina" tukimaanisha kitu kisichodumu, lakini mwaka 2023 China iliipita Japani na kuwa nchi inayouza magari mengi zaidi nje ya mipaka yake. Ninakaribia kununua gari jipya, na la Kichina ni nafuu kuliko mengine ya ukubwa huo huo. Unafuu huo unatoka wapi, na je, msemo wa "rahisi ni ghali" bado unayahusu magari haya?

Jibu la kwanza
Dharau hiyo haikuzuka bure. Mwaka 2005 klabu ya wenye magari ya Ujerumani, ADAC, ililigongesha gari la Kichina la Landwind kwa mwendo wa kilomita 64 kwa saa, na sehemu anapokaa dereva ikajikunja kama mkebe. Wengi wetu, nami nikiwemo, tulibaki na picha ile ilhali viwanda vilikuwa vikisonga mbele: kampuni ya Kichina ya Geely iliinunua Volvo ya Sweden mwaka 2010, na mwaka 2022 gari la Atto 3 la BYD, kampuni nyingine ya Kichina, lilipata nyota 5 katika majaribio ya usalama ya Euro NCAP.

Jibu la pili
Kuhusu bei, BYD ilianza mwaka 1995 mjini Shenzhen ikiwa kampuni ya betri, ikaingia kwenye magari mwaka 2003, kwa hiyo kile kifaa kilicho ghali kuliko vyote katika gari la umeme inakitengeneza yenyewe. Betri zake za chuma na fosfati hazihitaji kobalti wala nikeli, madini yanayopandisha gharama. Hata hivyo tusidanganyane kwamba ni ufundi mtupu, kwani ruzuku za serikali zimo, na ndizo Umoja wa Ulaya ulizozitaja mwaka 2024 ulipoongeza ushuru kwa magari ya umeme kutoka China: asilimia 17 kwa BYD na 35.3 kwa SAIC, mtengenezaji mwingine wa China, juu ya ile 10 ya kawaida.

Jibu la tatu
La kwangu lina mwaka wa nne sasa, kampuni siitaji. Injini haijanisumbua hata siku moja. Lakini niligongwa kidogo tu kwa nyuma, taa moja ikavunjika, nikaisubiri wiki saba, maana muuzaji hakuwa nayo na fundi hakupata gari bovu la aina hiyo la kunyofolea nyingine. Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla hujalipa, mwombe muuzaji akutajie bei ya taa, bampa na kioo cha mbele, kisha akuonyeshe vipuri hivyo stoo. Akikimbilia kukusifia skrini ya dashibodi, jibu umeshalipata.

Muulizaji
Nawashukuru nyote. Nimekwenda kuuliza: taa na bampa wanavyo, kioo cha mbele hawana. Nimewaambia nitarudi kitakapofika.