Naomba ushauri: wiski za moshi za Islay (kisiwa cha Uskoti), nianzie wapi?

Wakuu habari zenu, naombeni msaada kwa wazoefu wa wiski. Mpaka sasa ninachokijua vizuri ni bourbon ya Marekani, ule utamu wa vanila na karameli unaotokana na mahindi ambayo lazima yafike angalau asilimia 51, na pipa jipya la mwaloni lililounguzwa ndani, halafu na zile za Speyside, eneo la Uskoti, kama Glenfiddich zenye kaharufu ka peasi, hizo nazipenda sana tu.

Sasa juzi nikaonjeshwa Laphroaig ya Islay, aisee! Moshi, chumvi ya bahari na kitu kama iodini ya kusafishia kidonda, lakini nilivyomeza ladha ikabaki mdomoni muda mrefu na nikajikuta naitaka tena. Naambiwa shayiri yake inakaushwa kwa moshi wa peati, yaani ule udongo mweusi wa kinamasi wanaoukata na kuuanika, ndo maana.

Swali langu, kabla sijanunua chupa nzima, kuna ya katikati ya kunizoesha? Nafikiria Talisker ya kisiwa cha Skye maana ina moshi wa wastani na kapilipili, au Bunnahabhain ambayo ni ya hukohuko Islay ila nyingi hazina moshi. Na je, matone ya maji yanapunguza moshi au ndo yanaufungua zaidi? Aliyekunywa zote mbili anielezee zinatofautianaje mdomoni, tafadhali.