Nataka kujifunza upanga mrefu wa Kijerumani, nianzie wapi?

Mzee_wa_Jab:
Wakuu habari za humu. Nipo Nürnberg kikazi, nyumbani nilicheza sana ngumi, sasa huku kuna klabu wanafundisha ule upanga mrefu wa mikono miwili wa enzi za kati, nimekwenda kuwaangalia wakifanya mazoezi nikaupenda kweli kweli. Naomba mnisaidie, je ngumi itanibeba au itaniharibia? Ninunue upanga kabisa au nisubiri? Na hivi vitabu vya zamani vya walimu wa upanga wa Kijerumani, kina Liechtenauer na Meyer, mtu anaanza na kipi maana kila ninayemuuliza ananiambia chake. Halafu kuna jamaa ananiambia upanga wenyewe una kilo kumi utanivunja mgongo, ni kweli?

BintiPanga:
Karibu sana kaka. Kilo kumi hapana, asikutishe mtu, panga nyingi za aina hiyo za karne ya 15 zina kilo moja na kidogo mpaka kilo moja na nusu hivi, na uzito mwingi uko karibu na mikono ndiyo maana ncha inageuka haraka.

Ngumi itakusaidia kwenye kupima umbali na kutofumba macho kitu kikija usoni, hapo utawaacha wageni wenzako mbali. Ila kuna mambo mawili itabidi uyabadilishe. La kwanza miguu, umezoea mguu mmoja kukaa mbele muda wote, huku ukikata kutoka kulia mguu wa kulia nao unaingia pamoja na pigo. La pili, na hili ndilo kubwa kuliko yote, bondia akishapiga anarudisha mkono, lakini huku panga zikishagusana usirudishe, baki hapo hapo usikilize mikono yako inakwambia nini. Mfano chukua pigo la hasira, Zornhau, mwenzio anakukata kutoka juu kuliani kwake na wewe unamkatia hivyo hivyo kutoka kulia kwako, panga zinakutana katikati. Ukihisi upanga wake umelegea unasukuma ncha moja kwa moja usoni. Akistuka akakusukumia upanga pembeni kwa nguvu, usishindane naye, nyanyua upanga wako upite juu ya ncha yake ushuke upande wa pili kichwani. Yaani yote hayo yanaamuliwa na ulichohisi mikononi, macho yanachelewa. Mwombe kochi akufanyishe hilo taratibu mpaka likuingie, ukilipata mengine mengi yatafunguka.

Msoma_Nyaraka:
Dada kamaliza upande wa mikono, mimi niseme vitabu. Mkuu wewe uko Nürnberg una bahati sana! Pale Germanisches Nationalmuseum ndipo ulipo muswada namba 3227a, wengi wanauhesabu kuwa wa zamani kuliko yote yenye mashairi ya Liechtenauer ya kufundishia upanga, na kwa kawaida unatajwa na mwaka 1389. Mashairi yenyewe ni mafumbo, ukiyasoma peke yake hutoki na kitu, kwahiyo soma pamoja na maelezo ya waliokuja baadaye kama Sigmund Ringeck, maana huyo anakueleza pigo kwa pigo. Joachim Meyer yeye alichapisha chake Strasbourg mwaka 1570, ni kikubwa, kina picha nzuri na mpangilio wa kufundishia, lakini kwenye upanga mrefu ameacha kando karibu kote kuchoma kwa ncha kwa sababu wakati wake ulikuwa mchezo wa shule na mashindano. Mimi ningeanza na Ringeck.

BintiPanga:
@Msoma_Nyaraka hapo sikubaliani na wewe, mgeni anamwelewa Meyer haraka zaidi. Ila kaka kama klabu yako inafuata Ringeck fuata Ringeck, usichanganye viwili mwanzoni.

Fundi_Chuma:
Upanga usinunue kwanza, klabu nyingi zinaazima. Ukifika wakati tafuta feder, ni upanga wa mazoezi wenye bapa jembamba linalopinda ukichoma na ncha iliyoviringwa, na karibu na mpini chuma kinatanuka kidogo. Yale mapanga ya kutundika ukutani usithubutu kupigana nayo, mengi chuma chake hakijapikwa vizuri, na sehemu inayoingia ndani ya mpini imechomelewa tu, likikatika linaruka na kumkuta mtu.

Pesa yako ya kwanza weka kwenye maski na glavu. Maski ya fensi ya kawaida inaacha kisogo wazi kwahiyo ongeza kifuniko cha nyuma, na kinga ya koo usiisahau. Glavu nzito ni ghali, wala usitafute za bei chee, vidole ndivyo vinavyoumia sana kwenye mchezo huu na glavu za hoki hazitoshi kwa chuma.

Mzee_wa_Jab:
Asanteni sana wote, nimeelewa vizuri. La mwisho, nimewaona wanakamatana na kuangushana kabisa, na hiyo ni sehemu ya mchezo?

Msoma_Nyaraka:
Ndiyo mkuu, mieleka imo toka zamani, mafundisho ya mwalimu aliyeitwa Ott yamewekwa kwenye miswada ile ile ya panga. Mkikaribiana sana unaachia mkono mmoja unamkamata mpini au kiwiko. Uliza klabu yako wanaruhusu nini kwenye sparingi, na jifunze kuanguka kabla hujajaribu kumwangusha mwenzio.