Kuh: Nani amewahi kumlaza mtoto respiti?

Mama Kifungua:

Hamjambo ndugu zangu. Kijana wangu ana miaka 11, ana mtindio wa ubongo, hatembei, na analishwa kwa mpira wa tumboni. Usiku namwamkia mara tatu kumgeuza. Baba yake yuko bohari, zamu ya usiku. Wiki iliyopita nilijikuta nimesimama jikoni na bomba la sindano mkononi, sikumbuki kama dawa ya kifafa nimeshampa au bado. Nikakaa chini palepale sakafuni.

Nesi ndiye aliyeniambia niombe respiti, yaani kituo kinachomtunza mtoto ili mzazi apumzike, akalale huko wikendi moja kila mwezi. Nikampigia mama mkwe Tanga. Akanyamaza, halafu: "Kwani umemchoka mwanao?" Tangu hapo nimefunga mdomo. Nani amewahi?

Mama Pacha:

Pole mdogo wangu. Hilo la bomba usilifiche, lieleze kama lilivyotokea.

Mimi ofisa wa ustawi alipokuja mara ya kwanza alikuta nyumba nimeipiga deki, maandazi mezani, na kila alichouliza nikajibu "tunamshukuru Mungu." Akaandika kwamba familia inamudu. Nikakaa mwaka mzima bila kitu! Sisi tumelelewa kumsitiria mgeni shida zetu, lakini kwenye fomu zao sitara inasomeka kwamba shida hakuna. Safari ya pili nilimwekea daftari mezani: usiku saba, kila nilipoamka, saa ngapi, dakika ngapi, kwa ajili ya nini. Akalisoma kimya.

Tena usingoje mpaka uanguke. Kwa tulio England kuna kanuni za 2011 kuhusu mapumziko ya walezi wa watoto wenye ulemavu. Kaunsili, yaani halmashauri ya eneo lako, haitakiwi kumfikiria yule tu ambaye bila kupumzika atashindwa kabisa. Imfikirie hata atakayelea vizuri zaidi akipata nafasi ya kusoma, kukaa na wanawe wengine, kufanya kazi zake za nyumbani, hata kujiburudisha. Ndiyo, kujiburudisha kumo kwenye sheria, nami nilisoma mara mbili. Kila kaunsili inatakiwa itoe taarifa ya huduma ilizo nazo na nani anastahili. Itafute kwenye tovuti yao uende nayo. Na uombe kwa maandishi tathmini yako wewe, mzazi mlezi, chini ya kifungu cha 17ZD cha Sheria ya Watoto ya 1989. Wasikuchanganyie na ya mtoto.

Kulala kwenyewe hakukuwa kwa ghafla. Mimi na mwanangu mwenye ulemavu tulikwenda kunywa chai pale kituoni mara mbili, ndipo akalala usiku mmoja. Nilimpa kanga niliyoivaa siku mbili bila kuifua, wamtandikie kwenye mto wa kulalia. Nikawaandikia karatasi: akikunja vidole vya mguu wa kushoto, ana maumivu, akigeukia ukutani, taa inamkera. Usiku ule sikulala. Saa nane mwili ukaamka wenyewe, nikafika hadi mlangoni kwake, nikakuta kitanda kimetandikwa. Mara ya tatu ndiyo nililala mpaka jua likanikuta. Jioni yake pacha mwenzake akaniambia, "Mama, leo filamu yote umekaa, hukuinuka hata mara moja." Ana miaka tisa. Sikujua kwamba alikuwa anahesabu.

Mkweo usimtajie kituo, atafikiria nyumba ya yatima. Muulize yeye alipokuwa mzazi na mtoto mchanga mkononi, wale wakubwa walikuwa wanalala kwa nani. Hapa hatuna shangazi wa kuwapelekea, ndiyo maana tunajaza fomu.

Baba wa Watatu:

Naongeza la fedha, maana ndilo lililonitisha mimi. Posho ya mlezi inadai saa 35 za kulea kwa wiki, na wikendi moja haikuzuii kuzifikisha. Hata ukipumzika wiki nzima, unaruhusiwa hadi wiki nne ndani ya wiki 26 bila kukatwa. DLA ya mtoto, yaani posho ya serikali ya ulemavu, sehemu yake ya matunzo husimama akipitisha siku 28 kwenye malazi hayo, na vipindi vilivyokaribiana hujumlishwa. Lakini siku ya kumpeleka na ya kumrudisha hazihesabiwi: Ijumaa hadi Jumapili ni siku moja tu. Ziandike kwenye kalenda.

Mama Kifungua:

Ahsanteni sana. Daftari nimelianza jana: saa tano na nusu, dakika 20, kumgeuza. Saa nane, dakika 45, mashine ya chakula ilipiga kelele, mpira ulikuwa umejikunja. Saa kumi na moja, kumgeuza na kubadili shuka.

Mkwe nimemuuliza. Akacheka. "Kwa dada yangu Pangani. Wa pili alikaa huko mpaka akawa ananiita shangazi." Halafu akauliza huko respiti wanakubali mtu apeleke uji wake mwenyewe.